Jeshi Bila Daftari



Kila inapowadia sikukuu ya Jamhuri, ndege za kivita hupasua anga juu ya uwanja wa maadhimisho, watoto wakashangilia, na wakuu waliokaa chini ya mahema wakatabasamu kana kwamba wameziunda kwa mikono yao wenyewe. Baada ya gwaride hutolewa hotuba, na hotuba hutuambia kwamba majeshi yetu yanajengwa upya, yanapewa zana za kisasa, na kwamba mwananchi mwema yampasa kupiga makofi na kwenda zake nyumbani. Anayebaki uwanjani na kuuliza bei huambiwa kwamba hana uzalendo.

Sisi tumebaki uwanjani. Tunauliza bei.

Na tuseme mapema, ili asije mtu akatusingizia, kwamba hatumo katika kundi la wanaoona kuwa jeshi ni mzigo usio na faida. Nchi iliyoona watu 67 wakiuawa Westgate mnamo Septemba 2013, ikawaona wengine 148 wakiuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, na ikaona kambi ya Manda Bay ikivamiwa mnamo Januari 2020, haiwezi kusema kwamba haina adui. Taifa lisiloweza kujilinda huazima ulinzi, na mwazimishaji huja na masharti yake. Tulijifunza hivyo tukiwa bado wachanga: mnamo Januari 1964, wiki chache tu baada ya kupandisha bendera, askari wa kambi ya Lanet waliasi, na serikali ya uhuru ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza kuja kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Miaka 60 imekwisha kupita, na askari wa Uingereza wangali wanafanya mazoezi Nanyuki na Laikipia, na wananchi wa huko wangali wanadai haki kwa maovu waliyotendewa. Kwa hiyo tunapodai jeshi imara tunadai kipande cha uhuru wetu ambacho hakijakamilika.

Tunachokataa ni namna linavyojengwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jeshi ni mali ya wananchi kuliko mali nyingine yoyote, kwa maana limenunuliwa kwa kodi yao na linalipiwa kwa damu ya watoto wao. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 Wizara ya Ulinzi ilitengewa zaidi ya shilingi bilioni 150. Daftari la mali hiyo liko wapi? Nani amelisoma?

Ili tuelewe kwa nini daftari hilo limefungwa, hatuna budi kurudi nyuma. Jeshi letu halikuzaliwa na wananchi. Lilizaliwa mwaka 1902 kwa jina la King's African Rifles, likaundwa ili limtumikie mfalme aliyekuwa ng'ambo, limtiishe Mwafrika nyumbani na kupigana vita vya wakubwa ugenini. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, lilipelekwa msituni kuwasaka watu waliodai ardhi yao. Desemba 1963 tulibadilisha jina na bendera. Mazoea hayakubadilishwa kwa kasi hiyo hiyo. Swali la kwanza ambalo mtawala mpya aliliuliza kuhusu jeshi lilikuwa lile lile la mkoloni: je, litanitii mimi? Swali la pili, la kama litaweza kuilinda nchi, lilisubiri.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na halikurudishiwa jina lake hadi mwaka 1994. Utawala wa chama kimoja ulipata funzo moja tu katika mkasa ule: kwamba hatari kubwa imo kambini. Badala ya kujenga jeshi ambalo askari wake wanaheshimiwa na wakuu wake wanahojiwa, ulijenga jeshi la kulinda kiti. Na jeshi la kulinda kiti lina kawaida moja, kwamba bunduki yake huelekezwa ndani. Mnamo Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakalazwa juani bila chakula wala maji, wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilisema idadi hiyo yaweza kukaribia elfu moja. Mnamo 2008 majeshi yalipelekwa Mlima Elgon kupambana na kundi lililowatesa wanavijiji, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika habari za wanaume walioteswa na wengine waliotoweka mikononi mwa hao hao waliokuja kuwaokoa.

Watu wetu hupenda kusema kwamba neno serikali limetokana na siri kali. Ni mzaha, lakini katika mambo ya ulinzi mzaha huo umekuwa sheria. Na tazameni matunda yake. Mwaka 2004 nchi iligundua mikataba ya Anglo Leasing, 18 kwa hesabu, yote ikiwa ya vifaa vya usalama, mingi ikiwa imetiwa saini na kampuni hewa zisizo na ofisi wala fundi. Hakukuwa na njia ya kuiba iliyo rahisi kuliko kubandika juu ya karatasi neno "usalama", kwa kuwa neno hilo liliwafunga midomo wakaguzi, wabunge na makarani. Aliyefichua mambo hayo, John Githongo, ilimbidi kuikimbia nchi. Mwaka 2014 Hazina ilizilipa baadhi ya kampuni hizo takriban shilingi bilioni 1.4, kwa sababu mahakama za ng'ambo zilikuwa zimeamua kwamba deni ni deni. Tukalipa kwa kuibiwa.

Katika mkondo huo huo ilikuwamo meli ya wanamaji wetu. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ukaingiwa na mzozo, na meli ikabaki bandarini Hispania huku mawakili wakibishana. Iliwasili Mombasa mwaka 2012 na kuitwa Jasiri. Kwa muda huo wote maharamia walikuwa wakiteka meli katika Bahari ya Hindi, na wavuvi wa ng'ambo wakizoa samaki wetu. Hapo ndipo tunapowauliza wapenzi wa siri: ni nani aliyeudhoofisha ulinzi wa taifa, aliyeuliza maswali juu ya mkataba au aliyeutia saini gizani?

Kisha ikaja habari ya meli ya Faina. Mnamo Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka ikielekea Mombasa, na ndani yake wakakuta vifaru 33 vya T-72. Serikali yetu ilisema vifaru ni vyake. Wengine wakasema vilikuwa vikipelekwa Sudan Kusini, na nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja mwaka 2010 zikasema hivyo hivyo. Hatutaki kulirejelea shauri zima. Tunataka mwananchi azingatie jambo moja tu: mharamia aliyevaa kandambili alijua kilichomo ndani ya meli ile kabla ya Mkenya aliyeambiwa kwamba mali ni yake.

Na mwaka 2017, ilipotangazwa kwamba Kenya imekusudia kununua ndege ndogo 12 za mashambulizi kutoka Marekani kwa bei iliyofikia dola milioni 418, aliyesimama kudai uchunguzi wa bei hiyo alikuwa mbunge wa North Carolina. Ununuzi huo haukufanyika. Tunamshukuru mbunge huyo, ingawa tunajua alikuwa akitetea biashara ya jimbo lake. Lakini ni aibu iliyoje kwa taifa lenye Bunge lake, kamati zake na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wake, kungoja mgeni alisomee bei ya silaha zake!

Tutaambiwa: mnataka adui ayajue mambo yetu. Hoja hii imeishi miaka mingi kwa kuwa haijawahi kuhojiwa. Basi na tuihoji. Siri hii inafichwa kwa nani? Nchi zinazouza silaha aghalabu huyaripoti mauzo yao kwa Umoja wa Mataifa. Kiwanda kilichounda ndege kinajua imeuzwa kwa nani. Dalali anajua, benki inajua, nahodha wa meli anajua, balozi wa nchi jirani anajua. Asiyejua ni mwalimu wa Kakamega na mama mboga wa Kongowea, ambao wao ndio walionunua. Siri isiyofichwa kwa adui ila kwa mwenye mali ina jina lake, nalo si ulinzi.

Hatusemi kwamba kila kitu kitangazwe redioni. Mahali kikosi kitakapolala kesho, njia atakayopita, maneno ya kuitana katika mawasiliano, majina ya wapelelezi: hayo ni siri halali, na anayeyatoa ni msaliti. Lakini bei si siri ya vita. Jina la muuzaji si siri ya vita. Umri wa ndege anayorushwa nayo rubani wetu si siri ya vita. Na idadi ya waliokufa, baada ya kufa, haiwezi kuwa siri ya vita.

Hapa tunafika mahali pachungu kuliko pote. Alfajiri ya Januari 15, 2016, kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab na kutekwa. Serikali haikututolea hesabu ya waliokufa. Shirika la utangazaji la CNN la Marekani lilitaja askari 141. Wauaji wenyewe walipiga picha za video na kuzitangaza ulimwenguni, hata baadhi ya wazazi wakawatambua watoto wao katika picha za adui kabla ya kupata barua ya wakuu wao. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikashambuliwa kambi ya Kulbiyow, na tena tukasikia hesabu mbili, ya serikali na ya magaidi, wananchi wakaachwa wachague ya kuamini.

Jeshi lisilohesabu maiti zake litajifunza vipi? Kila jeshi la maana duniani, baada ya kushindwa, huita tume, huuliza nani aliweka walinzi wapi, kwa nini msaada ulichelewa, ni silaha ipi iliyokwama, ni onyo gani lililopuuzwa. Majibu hayo ndiyo yanayoleta mafunzo mapya na zana mpya. Mficha maradhi, kifo humfichua. Tuliyaficha maradhi ya El Adde, na Kulbiyow ikatufichua. Kwa hiyo uwazi tunaoudai si anasa ya wanasheria wa Nairobi. Ni kinga ya askari wa kawaida, mtoto wa maskini, anayekesha handakini akitumaini kwamba mkuu wake amejifunza kitu kutokana na kifo cha mwenzake.

Katiba tuliyoizindua Agosti 27, 2010 ilikusudiwa kulimaliza jambo hili. Kifungu cha 238 kinasema usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya raia na kuvikataza upendeleo wa kisiasa. Kifungu cha 241 kinayapa majeshi kazi ya kulinda mipaka na mamlaka ya nchi, na kinasema kwamba hayatapelekwa kurudisha amani katika sehemu yoyote yenye ghasia nchini ila kwa idhini ya Bunge la Taifa. Maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yaliandikwa kwa kumbukumbu ya Wagalla, ya Saba Saba ya 1990, ya watu waliofungwa na kuteswa kabla ya kifungu cha 2A kufutwa mnamo Desemba 1991.

Lakini angalieni yaliyotokea Juni 2024. Vijana waliojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha hawakuwa na mizinga. Walikuwa na simu, chupa za maji na bendera ya nchi. Siku ya Juni 25 polisi waliwafyatulia risasi mbele ya Bunge, na siku hiyo hiyo notisi ya kuwaita wanajeshi ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Bunge liliidhinisha Juni 26, baada ya amri kutolewa. Ilibidi mahakama, Juni 27, iitake serikali iseme wanajeshi hao watakwenda wapi, watafanya nini na kwa muda gani. Mswada wenyewe ulikuwa umekwisha kuondolewa. Yaani raia walikuwa wameshinda hoja, na jeshi likaitwa kuja kujibu hoja.

Sisi tunasema waziwazi: kila mara kifaru kinapopelekwa barabarani kumtisha raia, nguvu ya jeshi hupungua. Hupungua kwa sababu jeshi huishi kwa imani ya watu. Mwanakijiji wa Lamu au Mandera ndiye anayemwona mgeni akipita usiku. Akilipenda jeshi atakwenda kusema, akiliogopa atafunga mlango. Hakuna droni inayoweza kununuliwa badala ya mwanakijiji huyo.

Tena tumeona jeshi likibebeshwa kazi zisizo zake. Mwaka 2020 meja jenerali aliwekwa kusimamia huduma za jiji la Nairobi, na Tume ya Nyama ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Tuliambiwa kwamba wanajeshi ni waadilifu kuliko raia. Ikiwa idara za raia zimeoza, dawa yake ni kuwashitaki walioziozesha. Kumkabidhi askari machinjio ni kumtia katika kishawishi kile kile kilichomharibu karani, na kumwondoa katika mazoezi aliyoajiriwa kuyafanya.

Tukumbuke pia mlango wa kuingilia. Kila msimu wa kuandikisha makurutu, wizara yenyewe hulazimika kuwaonya wananchi wasitoe hongo, na kila msimu kuna mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mwanawe apate nafasi, na mwingine aliyepewa barua bandia ya kuitwa mafunzoni. Kijana aliyenunua bunduki yake kwa ng'ombe wa babake anaanza utumishi akiwa na deni, na mwenye deni ni mwepesi wa kununuliwa. Hamwezi kujenga jeshi la kisasa juu ya msingi wa kitu kidogo, hata mkalitia ndege mpya kila mwaka.

Kuna mema, nasi hatuyanyimi haki. Nchi ina kiwanda cha risasi Eldoret. Mwaka 2021 kilifunguliwa Ruiru kiwanda cha bunduki ndogo kilichosemwa kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kisumu kuna karakana ya kuunda meli, na mafundi wetu wameonyesha kwamba chuma hakichagui rangi ya mkono. Hiyo ndiyo njia. Taifa linaloagiza kila kipuri kutoka nje hupigana kwa ruhusa ya muuzaji. Lakini viwanda hivyo navyo vifunguliwe kwa mkaguzi, visije vikawa maduka ya wakubwa yaliyojengwa nyuma ya ua wa kambi.

Basi madai yetu ni haya, na tunayatoa kwa serikali iliyopo na kwa wapinzani wanaotaka kuirithi, maana tumewahi kuwaona wapinzani wakirithi siri pamoja na ikulu.

Kwanza, kila ununuzi mkubwa wa zana upitishwe mbele ya kamati ya Bunge iliyokula kiapo, ikae faragha ikibidi, ione bei, jina la muuzaji na la dalali, na Mkaguzi Mkuu asifungiwe mlango wa bohari yoyote. Pili, hesabu ya askari waliofia kazini itangazwe mara familia zinapokwisha kuarifiwa, na kila janga la vita lifanyiwe uchunguzi ambao muhtasari wake utasomwa Bungeni, kuanzia na El Adde. Tatu, amri ya kupeleka wanajeshi miongoni mwa raia iwe batili isipotanguliwa na idhini ya Bunge, yenye mahali, kazi na siku ya mwisho. Nne, orodha za makurutu zibandikwe hadharani katika kila wadi, ili jirani aseme anayemjua. Tano, askari aliyerudi na jeraha, la mwili au la akili, na mjane wa aliyekufa, wapate haki yao bila kuzungushwa ofisini, na malipo yao yawekwe katika bajeti kabla ya kununuliwa ndege nyingine.

Nanyi maafande mnaosoma kurasa hizi kwa siri, tunajua mpo. Msiambiwe kwamba sisi ni adui zenu. Mnamo Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na askari wenzake katika ajali ya helikopta ya aina ya Huey, aina ambayo muundo wake wa kwanza ulirushwa katika miaka ya 1950. Hatusemi umri ndio uliomuua. Tunasema kwamba maswali kuhusu usalama wa vyombo mnavyopanda yaliulizwa nchi nzima siku ile na wananchi wale wale ambao kila siku huambiwa ulinzi hauwahusu. Waliuliza kwa sababu walilia.

Wananchi, mwaka wa uchaguzi u karibu, na wagombea watakuja kwenu na ahadi za manowari na droni. Msiwazomee. Wasikilizeni hadi mwisho, kisha mwambieni kila mmoja wao, mbele ya watu wote, afungue daftari.